Futi kamba ya nyumbani: maswali yenu

Shikamoo fundi. Nataka futi kamba ya kupimia mapazia, kabati na rafu za jikoni. Dukani zipo za mita 3, 5, 7.5 na 10. Nichukue ipi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Chukua ya mita 5. Vyumba vingi vya nyumba zetu havivuki hapo, na ile ya mita 3 itakuishia katikati ya sebule.

Ila uliza na upana wa utepe, maana huo wengi huusahau. Utepe wa chuma umebonyea katikati kama mfereji, na huko kubonyea ndiko kunakoufanya usimame wenyewe hewani. Kabla hujalipa, uvute mbele yako taratibu uone unafika wapi kabla ya kukatika kiuno na kuanguka. Wa milimita 13 huanguka mapema. Wa milimita 25 utapima nao dirisha pana ukiwa peke yako, bila kumwita mtoto akushikie upande wa pili.

Kile kichuma cha mbele kinachezacheza. Nilirudisha dukani, muuzaji akanicheka. Je, ni mbovu?

Si mbovu, na hakupaswa kukucheka. Hata mafundi wanaoanza kazi huniuliza hilo. Kimeachwa kicheze kwa makusudi, na kinacheza kwa kiasi cha unene wake chenyewe. Ukikisukuma ukutani kupima ndani ya fremu, kinarudi nyuma na sifuri inakuwa kwenye uso wake wa nje. Ukikinasisha kwenye ukingo wa ubao na kuvuta, kinasogea mbele na sifuri inakuwa kwenye uso wa ndani. Kwa hiyo vipimo vyote viwili vinatoka sawa. Usikigonge nyundo kikaze!

Cha kuogopa ni kichuma kilichopinda kwa kuangushwa. Ukikitilia shaka, anzia kwenye alama ya sentimita 10, kisha utoe 10 kwenye jibu.

Fundi alipima madirisha, karakana ikakata aluminiamu, fremu zikagoma kuingia. Nani kakosea?

Pole sana. Yalinikuta nikijenga kwangu, na hasara ile naikumbuka. Mwashi aliacha nafasi ya sentimita 120, kwenye karatasi ya oda ikaandikwa "futi 4", na karakana ikakata futi 4 kamili. Futi moja ni sentimita 30.48, hivyo futi 4 ni karibu sentimita 122. Sentimita mbili hizo huwezi kuzisukumiza ukutani. Chagueni kipimo kimoja, milimita ikiwezekana, kuanzia kwa mwashi hadi karakana.

Pia pima upana juu, katikati na chini, uandike ulio mdogo kuliko yote, kisha upunguze nafasi ya kuingizia fremu. Na kama futi kamba ni mbili, zilazeni pamoja mlinganishe kabla ya kazi. Tazama mwanzoni mwa utepe: nyingi zina namba ya Kirumi, ambayo ni daraja la usahihi la Ulaya. Kwenye mita 5, daraja II linaruhusiwa kukosea hadi milimita 1.3, na III hadi 2.6. Nunua II.

Zile alama nyekundu kila inchi 16 ni za nini?

Ni za wajenzi wa nyumba za mbao za Marekani, wanaosimamisha nguzo za ukuta kwa nafasi hiyo. Kwa nyumba ya tofali zipuuze.

Nitumie ile laini ya fundi cherehani?

Kwa foronya na vitambaa vya makochi, sawa. Kwa mbao hapana, kwani hutanuka kadiri inavyozeeka.

Niko Tanga, yangu imeshika kutu ndani ya mwaka. Nifanyeje?

Hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Ukimaliza kazi, vuta utepe wote, ufute kwa kitambaa kikavu, kisha upitishe kingine chenye tone la mafuta ya cherehani. Uurudishe ukiuongoza kwa mkono. Ukiuachia ujirudie kwa kishindo, ribiti za kile kichuma hulegea, na hapo kitacheza kupita unene wake.