Kafi pana au jembamba? Jibu la aliyeumia bega Tudor

Mleta mada, umeuliza kama ulitupe kafi pana uliloletewa pamoja na kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kafi la ncha mbili, ununue lile jembamba la mbao, maana bega linakuuma kila ukitoka Mtwapa. Mimi nasema usinunue kitu kwanza. Bega langu liliuma kabla ya lako, na kosa halikuwa la kafi peke yake.

Ilikuwa Januari, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu. Nilishuka kutoka Tudor, Mombasa, na maji yakitoka mpaka Bandari ya Kale, raha mustarehe. Saa tatu asubuhi nageuza kurudi, maji bado yanatoka kwa kasi. Chini ya daraja la Nyali nikapiga kafi weee, nikitazama ubavuni nguzo ni ile ile. Nilikuwa na kafi la plastiki, bapa kama sahani ya pilau, nalivuta kwa mikono mitupu. Mzee mmoja na mtumbwi wake, kafi la upande mmoja, akanipita taratibu akiambaa ukingoni. "Mwanangu, mbona wapigana na maji? Njoo huku kando."

Nikamwamkia, nikamfuata. Kando mkondo ulikuwa umelegea, lakini nilichokitazama zaidi ni kiuno chake. Mikono ilikunjika kidogo sana. Kilichokuwa kikizunguka ni kiwiliwili.

Kwenye kayaki ni vivyo hivyo. Ukipiga kulia, bega la kulia litangulie mbele, bapa, ile ncha ya kafi inayosukuma maji, lizame karibu na vidole vya mguu, usukume kwa mguu wa kulia huku mwili ukigeuka, kisha ulitoe likifika nyongani. Ukilipitisha nyuma ya nyonga unainua maji bure, na bega ndilo linalolipa. Mpini ushike kama umeshika kifaranga.

Sasa kafi lenyewe. Kuna kupiga wima, mkono wa juu ukifika usawa wa macho, bapa likipita karibu na ubavu wa chombo. Hapo kafi huwa fupi, sentimita 205 hadi 215 hivi, bapa pana. Linafaa kuvuka mkondo au kukwepa wimbi kwa haraka. Kuna na kupiga kwa kulaza, mkono wa juu usipite kifua, kafi la 220 mpaka 240, mwendo wa kutwa. Wengi hununua refu la kulaza halafu hulipiga wima kwa pupa. Nahisi wewe ni mmoja wao, unisamehe nikikosea.

Lile jembamba ni la Wainuit wa Greenland, na kipimo chake kitakufurahisha: urefu ni pima moja, yaani mikono yote miwili ikinyooshwa, na dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya vidole, kwa mwili wako mwenyewe. Bapa lina upana wa sentimita 9 hivi. Langu nilichongewa kwa saipresi na fundi wa milango, ambaye hadi leo anadhani ni mwiko mkubwa wa kusongea ugali. Mwezi wa kwanza lilikuwa likinyumbayumba majini mpaka nikajua kuinamisha ukingo wa juu wa bapa mbele kidogo. Kusi ikivuma, pana likiwa juu hushika upepo kama tanga. Hili upepo haulioni. Ila kwenye mikoko maji yakipwa, pasipo na kina cha kulizamisha lote, narudia pana bila aibu.

Kama mabapa yako yamepishana pembe, moja likisimama jingine linalala, jaribu kuyalinganisha sawa. Nyuzi 60 ziliniumiza kifundo cha mkono wiki mbili. Lile kafi la bapa lililopinda kama kijiko kirefu, lililozuka Uswidi miaka ya 1980, waachie wanaoshindana. Ukiyumba halikusaidii sana kujishikiza.

Leo pima urefu wa kafi na upana wa kayaki pale unapoketi, uviweke hapa. Useme pia huwa unatoka maji yakijaa au yakipwa.