Mwalimu Nisaidie: Mgeni kaulizia jiko kwenye chumba self

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Arusha na Moshi, na karibia zote zinahusu Kiingereza cha nyumba na malazi. Nimeanza na hii ya Sakina kwasababu imeniuma.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 24, nafanya kazi mapokezi kwenye hosteli ndogo ya wageni huku Sakina. Juzi kati kuna mama wa Kiingereza alibuku chumba, mimi nilishamwandikia kwamba vyumba vyetu ni "self contained", basi akafika na mfuko wa mayai na nyanya kabisa kapitia sokoni, anazunguka chumbani anauliza kitchen iko wapi. Nikamwambia hakuna, akasema mbona mliandika self contained? Bosi akanifokea mbele yake eti nimedanganya mteja. Mwalimu mi sikudanganya, choo kipo ndani na bafu lipo ndani, sasa kosa langu lipi? Na hii inglishi ya nyumba naisomaje, nina kitabu cha misamiati nakikariri kila siku ila nikisimama mbele ya mgeni maneno yote yanakimbia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza tulia, hujamdanganya mtu. Ulichofanya ni kutumia neno la Kiswahili ukijua ni la Kiingereza. Ndio, la Kiswahili, maana hii "self" yetu, ile ya dalali anayekwambia kuna chumba self hapa nyuma maji yapo luku yako mwenyewe, tushaifanya yetu na kila mtu mjini anaielewa: choo na bafu viko ndani, hutoki uwani usiku na ndoo. Mwingereza akisoma "self-contained" yeye anaona sehemu inayojitosheleza, yaani choo, bafu na jiko lake, na mara nyingi mpaka mlango wake wa kuingilia. Ndo maana mama wa watu alibeba mayai. Kuanzia leo andika "en suite", hilo limetoka kwa Wafaransa na Waingereza wanalitamka kama "on swiit", au kama unaogopa kulikosea andika tu "room with private bathroom", hata Mjerumani au Mhispania ambaye Kiingereza chake cha kuunga ataelewa. Vile vya kushea choo andika "shared bathroom" wazi wazi, usifiche, mgeni akijua mapema hakasiriki.

Na ukiangalia vizuri utaona maneno yanayotuangusha sio yale magumu ya kwenye kitabu. Magumu unajua huyajui, unauliza. Yanayotuangusha ni haya ya nyumbani tunayoyatumia tangu utotoni yana sauti ya Kiingereza, kwahiyo hatuna wasiwasi nayo. Chukua "masta". Kwetu chumba masta ni chumba chochote chenye choo ndani, ndo maana unasikia nyumba ina masta tatu. Kwao "master bedroom" ni kimoja tu, kile kikubwa cha wenye nyumba, na Wamarekani wengi siku hizi wanasema "primary bedroom".

Mimi mwenyewe lilinikuta hilo. Kuna mwaka nilikuwa napokea wageni wa kujitolea nyumbani Moshono, mwezi wa saba, na Arusha ya mwezi wa saba mnaijua. Binti akaniuliza "Is there a heater?" nikamjibu yes kwa kujiamini kabisa, maana ndo kwanza tulikuwa tumefunga hita mpya bafuni. Asubuhi namkuta amejikunja kitandani na koti, soksi mbili mbili, kofia kichwani. Alikuwa anaulizia kifaa cha kupasha joto chumbani, hita ya maji wao wanaitaja kamili, "water heater". Nilijisikia vibaya sana, nikamtolea blanketi la mama yangu, na tangu siku hiyo kila neno la nyumba lenye sauti ya Kiingereza naliuliza mara mbili.

Sasa namna ya kusoma. Kitabu kiweke pembeni kwanza. Jioni kukiwa kumetulia toka nje mpaka getini halafu ingia kama vile ndo mgeni, polepole, kila unachogusa kitaje. Hapo hapo getini utakutana na fensi, na kama ni ya tofali basi kwao hiyo ni "wall", maana "fence" ni ya waya au mbao. Ukifika mlangoni usiseme tu door ukapita, shika kitasa "lock", komeo "bolt", bawaba "hinge". Ukiinua macho ndani unaona dari, "ceiling", "roof" ni paa la bati huko juu ambalo ukiwa chumbani hulioni. Kapeti lile la plastiki tunalonunua kwa mita ni "lino" au "vinyl", na kale kadogo ka manyoya pembeni ya kitanda ni "rug". Kabati la nguo ni "wardrobe", la vyombo ni "cupboard". Jikoni ndo kuwe makini zaidi, kwasababu jiko kwetu ni chumba na ni chombo pia, wao chumba ni "kitchen" na chombo ni "cooker" au "stove", na usije ukamwita mpishi cooker, mpishi ni "cook" basi.

Halafu kila kitu ulichokitaja kipe ubovu wake. Hili ndo la muhimu kuliko yote na vitabu vingi havilisemi. Mgeni hakuiti usiku kukwambia una bawaba nzuri, anakuita kitu kikiharibika. Kwahiyo sema bomba linavuja, "the tap is leaking". Kitasa kimegoma, "the lock is stuck". Choo hakivuti maji, "the toilet won't flush". Sema kwa sauti ukiwa umelishika hilo bomba lenyewe, fanya wiki mbili, uone kama yatakimbia tena.

Na vitanda, nilitaka kusahau. Kwetu gesti ukisema chumba dabo ni cha watu wawili basi, vitanda utavikuta huko huko. Kwao "double" ni kitanda kimoja kikubwa, na vitanda viwili ni "twin", sasa fikiria umewapa double wafanyakazi wenza wawili ambao hata hawajazoeana. Vipimo navyo viko hivi, kile tunachoita tano kwa sita, upana wake wa futi tano Mwingereza anauita "king", Mmarekani anauita "queen". Ukiandika king Mmarekani akaja, ataona kitanda chembamba. We andika upana kwa sentimita, 150, hapo hamna wa kubisha.

SWALI: Habari mwalimu, mimi dalali Njiro. Kuna mzungu nimemtumia tangazo la nyumba nikaandika "tax 800,000 per month, pay six months", akakata mawasiliano kabisa. Nyumba ni nzuri, tatizo nini?

JIBU: Kaka yangu, kodi ya kwetu inabeba vitu viwili, ya mwenye nyumba na ya TRA, Kiingereza kimetenganisha. Ya nyumba ni "rent". Ya serikali ndo "tax". Yule mtu ameona unamdai kodi ya serikali laki nane kila mwezi na pesa ya nyumba bado hajaambiwa. Mwandikie upya leo leo: "Rent 800,000 shillings per month, six months in advance". Neno "deposit" usiliweke kama huna mpango wa kumrudishia, maana kwao ile ni amana, akihama na nyumba iko salama anaidai. Na kama una fremu za biashara usiandike "frame for rent", frame ni ya picha au ya mlango, andika "shop space". Na wewe mwenyewe kwao ni "estate agent", Mmarekani atakuita "real estate agent".

SWALI: Mwalimu, mi ni mpagazi, napanda sana njia ya Marangu. Wageni wanauliza tunalala wapi nawaambia kuna double decker, wanacheka. Kwani sio?

JIBU: Pole na kazi ya mlimani. Kwa Mwingereza double-decker ni lile basi la ghorofa, kitanda cha juu na chini anakiita "bunk bed", kitanda cha juu "top bunk", cha chini "bottom bunk". Vile vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo ni "huts", na hili neno lisikuonee aibu ukadhani unaudharau mlima, ndo jina lake rasmi, na Marangu ndo njia ya kupandia yenye huts, njia zingine ni "tents". Mgeni akiuliza mwambie "We sleep in huts, on bunk beds". Hatocheka.

SWALI: Shikamoo mwalimu, nasoma chuo cha utalii Moshi. Kwanini wanasema half board na full board wakati board ni ubao?

JIBU: Marahaba. Swali zuri sana hili, na wengi wanakariri bila kuuliza. Zamani "board" ilikuwa pia meza ya kulia chakula, ikaja kumaanisha chakula chenyewe anachopewa anayelala hapo, na ndo hiyo hiyo iliyozaa "boarding school", bodingi yetu, kulala na kula. Kwahiyo half board ni chai ya asubuhi na chakula cha usiku, full board unaongeza cha mchana, na "bed and breakfast" ni kulala na chai tu. Na kwenye mtihani "accommodation" ina c mbili na m mbili, Mwingereza haiwekei "an" mbele wala "s" nyuma, ukiiona na "s" jua aliyeandika ni Mmarekani.