Usiache pombe ghafla, tena kwa siri

SWALI: Daktari, nilikaa miezi minane bila hata tone la pombe. Kisha nikapandishwa cheo, kazi ikanielemea, usingizi ukapotea. Sasa ni wiki ya sita nakunywa kila usiku mke wangu akishalala, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka nizimue. Nimeapa kuacha ghafla Jumatatu bila kumwambia mtu. Je, mimi ni dhaifu?

JIBU: Ndugu yangu, udhaifu tutauzungumza. Kwanza hiyo Jumatatu: iahirishe.

Mikono inayotulia kwa kuzimua inaonyesha mwili umeshaitegemea pombe. Pombe hupoozesha ubongo, nao ubongo hujiongezea kasi ili usilemewe. Ukiikata ghafla, kasi ile hubaki bila breki. Mtetemeko na jasho huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kunywa mara ya mwisho. Degedege huweza kukukamata ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo huja zaidi siku ya 2 hadi ya 4. Watu hufa kwa hilo.

Kwa hiyo muone daktari kabla ya kuacha, na umtajie kiasi halisi unachokunywa. (Wengi hututajia nusu, nasi tumezoea kuzidisha mara mbili.) Atakupa dawa za kukuvusha siku hizo pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi hupungukiwa. Baadaye zipo dawa za kusaidia usirudie, kama naltreksoni na akamprosati. Nashangaa zinavyotajwa kwa nadra. Mpaka umwone, usiongeze kiasi wala usikikate ghafla.

Sasa udhaifu. Mtu dhaifu hawezi miezi minane. Ninachokiona ni kwamba pombe ilikuwa na kazi kwako, kukunyamazishia mawazo ya mchana ili ulale, na ulipoiondoa kazi hiyo ikabaki bila mwenyewe. Msongo ulipopanda, ubongo ukaifuata njia unayoijua. Laiti ungeniandikia zile wiki za kukosa usingizi! Usingizi wa mtu aliyeacha pombe unaweza kuvurugika kwa miezi kadhaa, na wengi hurudi kwenye chupa hapo, ilhali pombe yenyewe huwahisha usingizi kisha ikaukatakata usiku wa manane. Safari hii mwambie daktari wako habari ya usingizi mapema, kabla hujachoka. Na cheo sikwambii ukirudishe. Muombe mkubwa wako akupunguzie jambo moja, lile linalokufuata mpaka kitandani.

Mkeo mwambie leo. Huenda anajua, maana harufu haifichiki kwenye chumba kimoja. Atakasirika, na ana haki. Lakini siku zile za mwanzo unahitaji mtu mwenye macho karibu nawe, anayejua kwamba ukianza kuweweseka au ukipata degedege unapelekwa hospitali papo hapo, hata kama ni saa nane za usiku.