Upepo wa Mizani Haukuvuma

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, sayari zinapohama zinagusa maisha yako, na unamwamini mnajimu?" Mtapokea barua nyingi za ndiyo na za hapana. Yangu si ya ndiyo wala ya hapana. Swali lililoniwasha ni lile mliloliruka: hicho anachokisema mnajimu anakitoa wapi? Anayeapa kwamba Zuhali, sayari ya Saturn, imemfilisi na anayemjibu kwamba hiyo ni shirki, wote wawili wapelekwe barazani usiku waulizwe Zuhali iko upande gani wa mbingu. Hakuna atakayeinua kidole.

Kwetu neno "nyota" limebeba mizigo isiyofanana. Mwalimu wa pwani anapokuuliza jina lako na la mama yako, pale hakuna sayari iliyotazamwa. Ni abjadi tu: kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, kuanzia alifu 1 hadi ghaini 1000. Unajumlisha majina mawili, unagawa kwa 12, na kinachobaki ndiyo buruji yako, moja ya sehemu 12 ambazo wanajimu wameigawa njia ya jua angani. Kisipobaki kitu wewe ni Hutu, ya mwisho. Chukua Ali mwana wa Fatima. Ali ni ain 70, lamu 30, ye 10, jumla 110. Fatima ni fe 80, alifu 1, te nzito 9, mimu 40, na ile te ya mwisho iliyofungwa huhesabiwa kama he, 5. Hiyo ni 135. Ukijumlisha unapata 245, ukitoa 240 inabaki 5: Asadi, simba. Lakini wapo wanaoihesabu ile te iliyofungwa kama te ya kawaida, 400. Fatima sasa ni 530, jumla 640, ukitoa 636 inabaki 4: Saratani, kaa. Na anayeidondosha alifu kwa kuandika tunavyotamka, Fatma, naye anapata 244 na anaangukia kwa kaa vilevile. Ali hajaondoka kitini na tayari kageuka mnyama mwingine. Ukienda kwa walimu wawili wakakupa nyota mbili, usiwatukane kabla hujawauliza wameandikaje jina la mama.

Hesabu ya pili ndiyo ya sayari hasa. Hii hutaka tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa, na saa ndiyo yenye balaa. Buruji inayochomoza mashariki dakika unayozaliwa ndiyo mlango wa ramani nzima ya mnajimu, nayo husogea takriban nyuzi moja, kati ya 360 za duara, kila dakika 4. Mama anamwambia mwanawe, "Ulizaliwa saa mbili usiku." Kijana anafungua programu kwenye simu na kujaza saa 2 usiku kwa saa za Kizungu. Kwa mama ilikuwa 20:00, kwa simu ni 02:00. Kwa tarehe ileile zimepotea saa 18, na katika saa 18 mbingu huzunguka kama nyuzi 270, yaani buruji tisa. Nyumba ya ndoa, yaani kipande cha ramani kinachosemea ndoa, imekuwa nyumba ya kitu kingine kabisa, na kijana anasoma kurasa kumi za maisha ya mtu mwingine huku akitikisa kichwa kwamba kweli, huyu ndiye mimi. Kwa wazee waliozaliwa Nairobi zama za ukoloni kuna mtego zaidi: kuna miaka saa ya Kenya ilikuwa nyuma ya hii ya leo kwa dakika 30, na mingine kwa dakika 15. Dakika 30 ni kama nyuzi saba na nusu.

Halafu kuna ugomvi wa wapi Hamali, buruji ya kwanza, inaanzia. Wanajimu wa Kizungu huanzia pale jua linapokuwa mwezi Machi, usiku na mchana vinapolingana. Wa Kihindi huanzia kwenye nyota zenyewe zisizohama. Zamani vipimo viwili hivi vilikutana. Leo vimeachana kwa takriban nyuzi 24, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole, nyuzi moja kwa kama miaka 72. Matokeo yake Zuhali iliingia Hutu Machi 2023 kwa hesabu ya kwanza, na Machi 2025 kwa hesabu ya pili. Sayari ileile na buruji ileile, zimepishana miaka miwili. Anayekwambia "Zuhali imekuhamia" mwulize kwanza imehama kwa kalenda ya nani.

Kuhusu Utaridi, sayari ya Mercury, kuonekana kurudi nyuma sitapoteza wino. Hutokea kama mara tatu kwa mwaka, kila mara wiki tatu hivi, na hairudi popote. Ni sisi na yeye tunapishana mwendo, kama abiria wa jahazi linalopita jingine anavyoona lile jingine linarudi bandarini. Ukijumlisha ni karibu siku 60 kwa mwaka, na katika siku 60 simu itaharibika tu.

Sasa mambo ya dunia, na hapa nawaomba mnivumilie.

Kanuni kuu ya wanajimu wa zamani ilikuwa mkutano, yaani sayari mbili kuonekana mahali pamoja angani. Mshtarii, sayari ya Jupiter, huzunguka jua kwa miaka kama 12 na Zuhali kwa 29 na nusu, kwa hiyo hukutana kila baada ya kama miaka 20. Mnajimu Abu Ma'shar, aliyefariki mwaka 886, alijenga juu ya mikutano hiyo nadharia nzima ya kuinuka na kuanguka kwa dola. Maana ilisomwa kwa tabia ya buruji: za moto huleta vita, za udongo njaa au mavuno, za maji mafuriko, za upepo, naam, upepo. Wenyeji wa pwani wanaujua mgawanyo huo, ndio uleule wa "nyota yako ni ya maji, yake ni ya moto, hamtapatana".

Mwaka 1186, mwezi Septemba, ilikuwa zaidi ya mkutano wa wawili. Sayari zote 5 zinazoonekana kwa macho, pamoja na Jua na Mwezi, zilisongamana Mizani. Mizani ni buruji ya upepo. Hesabu ilikuwa rahisi mno, na ndiyo maana kila mtu aliifanya: wanajimu wa Uajemi, na barua iliyozunguka Ulaya miaka miwili kabla, ikidaiwa kutoka kwa wanajimu wa Toledo, mji wa Hispania. Utakuja upepo usiowahi kuonekana, utang'oa majumba, na miji ya nchi za mchanga itafukiwa. Barua iliwashauri watu wakimbilie mapango ya milimani. Uingereza watu wakafunga saumu wakiomba. Inasimuliwa kwamba Konstantinopoli, Istanbul ya leo, madirisha ya kasri yalizibwa. Uajemi jina lililoning'inizwa kwenye utabiri huu ni la mshairi Anvari, bingwa wa kuwasifu masultani, ambaye alijua falaki, elimu ya nyota, na hakuficha kwamba anajua.

Tazameni walichofanya watu wale. Walitaja mwezi. Walitaja siku: mwisho wa Jumada Thani, mwaka 582 Hijria. Walitaja kitu chenyewe, upepo, ambacho hata mtoto anajua kimevuma au hakikuvuma. Hawakusema "kutakuwa na mabadiliko". Hawakusema "viongozi wawe waangalifu".

Siku ikafika. Ibn al-Athir, mwanahistoria wa Mosul, aliyekuwa kijana wa miaka kama 26 wakati huo, ameacha maelezo yanayonifurahisha kila ninapoyasoma. Hakusema tu kwamba dhoruba haikuja. Alisema hapakuwa na upepo hata kidogo, kiasi kwamba wakulima walichelewa kupepeta nafaka yao. Mmeona hiyo picha? Ngano na shayiri zimeshapurwa, zimerundikwa uwanjani, makapi yanasubiri kupeperushwa, na mkulima amesimama na uma wake anaangalia angani kama nahodha aliyekwama kati ya kaskazi na kusi. Upepo ule ulioahidiwa kubomoa miji haukutosha hata kutenganisha punje na kapi. Wasimulizi wa Uajemi wanaongeza kwamba usiku ule taa iliwashwa wazi juu ya mnara na mwali wake haukutikisika. Hilo la taa nalichukua kama nakshi ya msimulizi, lakini la wakulima nalikubali, kwa sababu mtu hatungi uongo kuhusu kazi ya kupepeta.

Anvari walimmaliza kwa beti. Kwa mshairi hiyo ni adhabu kuliko viboko; watu wa Lamu na Mvita wataelewa bila kuelezwa.

Kisha likaja jambo linalonikera kuliko kosa lenyewe. Baadaye wakatokea watetezi: aah, upepo ulikuja, ila hamkuuelewa. Upepo ni Chingiz Khan, mtawala wa Wamongolia, maana miaka ileile alikuwa akiinuka huko kwao, na farasi wake ndio waliobomoa miji. Hoja tamu, na haina bei. Kwa mtindo huo hata mafuriko yangekubalika, hata njaa. Ukiruhusu upepo uwe farasi, hakuna utabiri duniani utakaokosea.

Na hapa kwetu tumeuendeleza utamaduni wa kutokosea. Kabla ya uchaguzi wa 2010, marehemu Sheikh Yahya Hussein alitangaza kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kumpinga Kikwete kuwania urais atakufa ghafla. Zogo lake mnalikumbuka. Kikwete akapitishwa na chama peke yake. Je, utabiri ulitimia au ulishindwa? Hakuna wa kujibu, kwa sababu ulikuwa na "akijitokeza" ndani yake, na hakuna aliyebaki uwanjani hadi mwisho. Sisemi marehemu alidanganya. Nasema sentensi ile ilishonwa bila mlango wa kuingilia.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kumalizia hapo, kwamba wote ni wapiga soga. Mkono umekuwa mzito, kwa sababu ya Mfaransa mmoja. André Barbault, mnajimu aliyefariki 2019, alishika mzunguko wa Zuhali na Neptune, ambazo hukutana kila baada ya kama miaka 36. Zilikutana 1917, mapinduzi ya Urusi. Zikakutana 1953, Stalin akafa. Akaandika, miongo kadhaa kabla, kwamba 1989 utakuwa mwaka mkubwa kwa ukomunisti. Mwaka 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka. Na miaka kabla ya korona aliandika kwamba kuna hatari ya ugonjwa wa kuenea duniani karibu na 2020 na 2021. Huyo alitoboa, hata mkaidi hana budi kukiri.

Lakini huyohuyo alikuwa na kipimo kingine. Unachukua sayari 5 za mwendo wa pole, Mshtarii, Zuhali, Uranus, Neptune na Pluto, unapima umbali kati ya kila mbili, jozi 10, na kujumlisha. Jumla ikishuka sana, sayari zimerundikana na dunia iko mashakani. Kilishuka wakati wa vita vyote viwili vya dunia. Kilishuka pia mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye akaiogopa vita ya tatu. Haikuja. Tofauti ni kwamba hakugeuza upepo kuwa farasi. Kosa lake linasomeka mpaka leo pamoja na ushindi wake, ndiyo maana naweza kulitaja hapa.

Wahenga wetu nao walikuwa na unajimu wao, na uliwafaa. Kuhusu kilimia, lile kundi dogo la nyota, walisema: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Nyota zile hazileti mvua. Zinapotea na kurudi kwa kalenda ileile inayoleta masika, basi mkulima akazitumia kama saa ya ukutani. Mizani ya 1186 haikuwa na kalenda ya pamoja na upepo wowote. Ilikuwa na jina la upepo tu.

Basi jibu langu, mkilitaka lazima: simwamini mnajimu, isipokuwa yule anayekosea hadharani, na huyo namsikiliza, ingawa si kwa mambo ya hospitali, ya mkopo wala ya kumshuku jirani. Kuchagua siku ya harusi, haya, siku ni siku na ukumbi lazima ulipiwe. Anayenipa siku na kitu kinachoonekana, hata akiaibika kama Anvari, namwona bora kuliko ujumbe wa simu wa kila asubuhi kwamba leo fedha zitakuwepo lakini uwe mwangalifu. Sijui kama hiyo ni kumwamini. Labda ni kumheshimu tu, na hata hilo halikuwemo nilipokaa kuandika.

Na kwa anayetaka kunibadilisha, nafasi ipo. Tarehe 8 Septemba 2040, baada ya jua kuzama, sayari zote 5 za macho zitasongamana tena upande wa magharibi, ndani ya kama nyuzi 10, na mwezi mwandamo karibu yake. Kwa hesabu ya Kizungu ni Mizani, upepo. Kwa ya Kihindi ni Sumbula, udongo. Itakuwa Jumamosi, siku ya Zuhali. Aandike sasa hivi, gazetini humuhumu: ni upepo au ni ardhi, wapi, na kiasi gani. Nafaka tutakuwa nayo uwanjani.

Msomaji wenu, Tanga