Nifunge injini ya gari kwenye ndege yangu?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Niko Mbeya, natengeneza ndege ya kiti kimoja. Nimefunga injini ya pikipiki ya cc 200, na propela nimeichonga mwenyewe kwa mbao, urefu mita 1.5, imeungwa moja kwa moja na shafti bila gia. Inakimbia vizuri uwanjani lakini hainyanyuki. Nimepata injini ya gari ya cc 1300 kwa bei nafuu. Mtaalamu mmoja ninayemfuata mtandaoni anasema nikiifunga hiyo nitaruka siku hiyo hiyo, tena nisihangaike sana na mkia, kwa sababu Wamarekani walishatua na ndege wakiiongoza kwa injini peke yake. Niinunue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiinunue.

Kwanza, tatizo lako haliko kwenye cc. Injini ya pikipiki hutoa nguvu zake ikizunguka mara 8,000 hivi kwa dakika. Propela ya mita 1.5 ikizungushwa hivyo, ncha zake zingekwenda karibu mita 630 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe husafiri kama mita 340. Mbao zingepasuka kabla ya kufika huko. Kwa hiyo injini inalemewa na kubaki kwenye mizunguko ya chini, ambako haina nguvu. Ndiyo maana injini ya Rotax 912, inayotumika kwenye ndege nyingi ndogo, huzunguka mara 5,800 lakini ina gia inayoishushia propela hadi 2,500 hivi. Na uko Mbeya: kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 15, na upungufu huo unaipata injini, propela na bawa kwa pamoja.

Hayo yanarekebishika. Kinachoniudhi ni huyo mtaalamu wako. Maswali kama lako hunifikia kila mara, na karibu yote yanauliza nguvu: injini ipi, farasi wangapi. Ni nadra mtu kuuliza ataiongozaje akishafika juu.

Mwaka 1903 Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian, alikuwa na injini ya nguvu za farasi 52, kubwa mno kwa zama zile, na fedha za Idara ya Vita ya Marekani. Tarehe 7 Oktoba na tena 8 Desemba chombo chake kilitumbukia mto Potomac. Siku tisa baadaye Orville Wright akaruka karibu na Kitty Hawk kwa injini ya farasi 12 hivi, ambao ni kama wa bodaboda ya cc 150. Yeye na kaka yake Wilbur walikuwa wamemaliza miaka mitatu wakiruka na vyombo visivyo na injini kabisa, wakijifunza kulaza mabawa, kupandisha na kushusha pua, na kugeuza mkia. Mwaka 1902 peke yake waliteleza angani zaidi ya mara 700. Injini waliifikiria mwishoni, chombo kilipokuwa tayari kinatii.

Sasa hilo la kutua kwa injini peke yake. Ni kweli, na ndilo linanikasirisha zaidi, kwa sababu mtu amechukua nusu ya habari akaigeuza mtego. Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya abiria DC-10 ya shirika la United la Marekani ilipasuka feni ya injini ya mkiani na kupoteza mifumo yote mitatu ya haidroliki, ile inayosukuma sehemu za kuongozea ndege. Rubani Al Haynes na wenzake waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza mafuta ya injini mbili za mabawani hadi Sioux City. Ni kazi ya kishujaa, lakini kati ya watu 296, 112 walikufa.

Baada ya ajali hiyo NASA walifanya utafiti wa njia hiyo huko Edwards, California. Waligundua kwamba mkono wa binadamu hauwezi kuitegemea njia hii: injini ya jeti huchelewa kwa sekunde kadhaa kuitikia, huku ndege ikipanda na kushuka polepole kama mawimbi, na rubani kila mara anarekebisha kosa lililokwisha pita. Ilibidi kompyuta ipime mwelekeo wa ndege mfululizo na kugawa msukumo yenyewe. Ndivyo rubani wao Gordon Fullerton alivyotua na ndege kubwa ya MD-11 mwezi Agosti 1995. Hiyo ni ndege iliyotulia kwa maumbile yake, yenye mkia kamili, na injini moja kila bawa, ili ukiongeza ya kushoto ipinde kulia. Wewe una injini moja puani. Utaongeza ipi upinde kulia?

Halafu uzito. Injini ya gari pamoja na rejeta na maji yake itaongeza makumi ya kilo mbele. Pua itakuwa nzito, mkia wako utashindwa kuiinua, na utaambiwa urudishe kiti nyuma au ufunge mfuko wa mchanga mkiani. Nimeiona mifuko hiyo. Kitovu cha uzito, yaani pale ndege nzima ingesawazika ukiining'iniza, kikivuka mpaka wake wa nyuma, pua ikiinuka kidogo inaendelea kuinuka, bawa linapoteza nguvu ya kunyanyua, na kwa urefu wa mnazi hakuna nafasi ya kujiokoa. Wanaowaambia vijana "ruka mita tatu tu, ujaribu" wanawapeleka penye hatari kubwa kuliko zote, na wao wenyewe huwaoni wakikaa kwenye kile kiti. Video yao inatazamwa, kijana anavunjika mgongo.

Nenda kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) mapema, chombo kikiwa bado mabanzi na mabomba, uwaulize masharti. Tafuta mwalimu uruke naye kwenye ndege yenye usukani wa watu wawili kabla hujakaa peke yako kwenye yako. Na wiki hii fanya jambo moja: weka mizani chini ya kila gurudumu, ndege ikiwa usawa, nawe ukiwa umekaa kitini, pima tanki likiwa limejaa, kisha likiwa tupu. Nitumie namba hizo, pamoja na umbali wa kila gurudumu kutoka ukingo wa mbele wa bawa na ukubwa wa eneo la mkia. Habari za gia na propela tutazungumza nikishaziona.