Nakimbia Kila Wiki, Mbona Vitamini D Iko Chini? Dada wa Lishe Anajibu

SWALI: Habari dada. Mimi mwanaume wa miaka 38, nafanya kazi benki hapa Dar, nakaa Tabata. Juzi kazini walitulipia vipimo vya mwili mzima, kila kitu kiko fresh isipokuwa vitamini D imesoma 14, dokta akasema iko chini. Sasa mimi nashangaa, mtu nipo kwenye klabu ya jogging, Jumamosi tunapiga kilomita 10 mpaka Coco Beach, katikati ya wiki jioni nipo jimu, pombe sigusi, nakula ugali, maharage, matembele, nyama, matunda. Na nchi yenyewe ndio hii ya jua. Inakuwaje?

JIBU: Kaka hongera kwa hizo kilomita, usiziache. Ila nikuulize, hiyo jogging mnaanza saa ngapi? Maana klabu za Dar nazijua, saa kumi na moja na nusu alfajiri watu washajipanga barabarani, saa moja na nusu mko kwenye supu na madafu, jua likianza kuchoma kila mtu yuko ndani. Jimu unaenda usiku. Na mchana kutwa uko benki kwenye kiyoyozi. Yaani unafanya mazoezi ya nguvu kweli lakini jua lenyewe halijakuona.

Vitamini D kwa sehemu kubwa tunaitengeneza wenyewe kwenye ngozi, ule mwanga wa jua unaoitwa UVB ukipiga ngozi unabadilisha aina fulani ya mafuta yaliyomo humo, halafu ini na figo zinamalizia kazi. Sasa huo UVB asubuhi sana na jioni jua likiwa chini unapita kwenye hewa njia ndefu, unapotelea hukohuko juu, unaokufikia wewe ni kidogo mno. Angalia kivuli chako tu, kikiwa kirefu kuliko wewe hapo hamna cha maana, kikiwa kifupi ndio mwanga upo, kwa Dar ni kama saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri hivi. Najua wengi tumekua tukiambiwa jua la asubuhi ndio lenye vitamini, na kwa kutounguza ngozi kweli ni zuri, ila kwa D ni hafifu. Halafu kioo nacho kinazuia UVB, kwahiyo kukaa dirishani benki utapata joto tu.

Mazoezi yenyewe hayatengenezi vitamini D, hilo watu wengi wanalichanganya. Ni kweli tafiti nyingi zinaonyesha watu wenye mwili wa kujishughulisha huwa na D ya juu kuliko wanaokaa, lakini sababu kubwa ni kwamba wako nje, wanalima, wanatembea, wanacheza mpira. Ya pili wana mafuta machache mwilini, hiyo nitaigusa chini kwa msomaji mwingine. Wapo pia waliokuta hata wanaofanya mazoezi ndani wako juu kidogo, kwa nini bado wanabishana. Wewe mashine ya kukimbilia kule jimu itakupa moyo na mapafu, D usiitegemee.

Sasa sahani yako. Ugali, maharage, matembele, matunda, vyote hivyo vizuri ila D hamna kabisa, nyama ipo kiduchu. Mtu mzima mpaka miaka 70 anahitaji kama yuniti 600 kwa siku, akivuka hapo 800. Yai moja lina kama 44 tu, tena zote ziko kwenye kiini, sasa piga hesabu uone ni trei kiasi gani. Vyakula vyenye D ya kueleweka ni vichache: samaki wa mafuta kama vibua, dagaa wa kopo, salmoni kwa mwenye hela, mafuta ya ini la samaki, pamoja na majarini na maziwa yaliyoongezewa (soma kopo, lazima iandikwe). Maziwa ya yule jamaa wa baiskeli na madumu hayajaongezewa kitu.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai na Wahadzabe wa hapahapa Tanzania, wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, ambayo ni kama nanogramu 46 kwa mililita. Wamasai maziwa na nyama, Wahadzabe mizizi, asali, matunda na mawindo, sahani mbili tofauti kabisa na hakuna mwenye kidonge wala samaki wa kopo, na ngozi zao nyeusi kama yako na yangu. Walichofanana ni kushinda nje.

Kabla ya yote itoe ile karatasi ya maabara uangalie kilichoandikwa mbele ya hiyo 14. Kama ni nanogramu kwa mililita uko kwenye eneo la kutotosha, maana 20 kwenda juu inatosha watu wengi na chini ya 12 ndio upungufu wenyewe. Kama ni nanomoli kwa lita hadithi ni nyingine, hapo ni kama 5.6 kwa ile ya kwanza, mrudie dokta wiki hii usisubiri. Kama ni ya kwanza, mchana usiagize chakula kiletwe mezani, toka mwenyewe mpaka kwa mama ntilie, kunja mikono ya shati, tembea nusu saa siku kadhaa za wiki, na ile mbio ya Jumamosi isogeze saa nne na singlendi yako. Ngozi nyeusi inahitaji muda zaidi ya nyeupe ila hakuna haja ya kuungua. Na msomaji mwenye ualbino, haya ya jua hayakuhusu hata kidogo, wewe yako ni kwenye chakula na vidonge kwa ushauri wa daktari.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Mimi mama wa miaka 45 niko Muscat. Mapaja yananiuma na kuinuka kwenye sijda imekuwa kazi, mpaka nishike kiti. Nimepimwa vitamini D ni 9, nikapewa vidonge vya 50,000 kimoja kwa wiki, wiki nane. Shoga yangu anasema nimeze kila siku nipone haraka, yeye alifanya hivyo. Ni sawa?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, hapana, tena hapana! Kimoja kwa wiki ni kimoja kwa wiki. Kwa matumizi ya kila siku bila daktari mtu mzima hatakiwi kuvuka yuniti 4,000, wewe ungemeza 50,000 leo na kesho na keshokutwa. Hii vitamini haitoki na mkojo kama C, inakaa kwenye mafuta ya mwili, ikizidi kalsiamu inapanda kwenye damu, unapata kiu isiyoisha, kutapika, choo kigumu, kuchanganyikiwa, na figo zinaumia. Shoga yako kama alimeza hivyo mwambie akapime kalsiamu badala ya kutoa ushauri.

Chagua siku moja, tuseme Ijumaa baada ya chakula cha mchana, maana inaingia vizuri pamoja na mafuta na biriani lina mafuta ya kutosha.

Hiyo shida ya kuinuka inafanana sana na upungufu wa D, misuli ya mapaja na nyonga huwa inalegea, mifupa nayo inauma. Hauko peke yako, huko Ghuba upungufu ni mwingi pamoja na jua lote hilo: kiangazi hakukaliki nje, mtu anatoka nyumba ya kiyoyozi anaingia gari la kiyoyozi, na abaya imefunika. Miezi ya baridi yenu, Novemba mpaka Machi, tumia ua au juu ya dari kusikoonekana, kunja mikono na miguu kabla au baada ya adhuhuri. Samaki huko mnao wa kumwaga, dagaa usiwadharau. Na huku dawa ikifanya kazi, kaa kwenye kiti uinuke bila kushika, mara chache asubuhi na jioni, polepole, misuli inataka kuitwa kazini.

SWALI: Niko Leeds mwaka wa pili sasa. Nikinywa maziwa mengi na mayai mawili kila siku inatosha kwa winta?

JIBU: Haitoshi. Maziwa ya Uingereza kwa kawaida hayaongezewi D kama ya Marekani, na kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la huko liko chini mno, hata ukae nje mchana kutwa hutengenezi kitu. Serikali yao inashauri mikrogramu 10 kwa siku, ndio yuniti 400, kipindi hicho, na kwa sisi wenye asili ya Afrika inasema tufikirie kumeza mwaka mzima. Vidonge viko supamaketi bei ndogo, chukua vya kawaida, vile vya nguvu kubwa achana navyo.

SWALI: Nina kilo 104, D yangu iko chini. Nikipungua itapanda?

JIBU: Inapanda kidogo, ndio. D inapenda mafuta, mwili ukiwa mkubwa inatawanyika na kujificha humo, kwenye damu inabaki chache, ndio maana wenye uzito mkubwa mara nyingi wanaandikiwa dozi ya juu. Ila usitarajie kinyume chake, kwamba vidonge vitakupunguza au vitakukinga na kila ugonjwa. Marekani walifuatilia watu wazima 25,871, nusu wakapewa yuniti 2,000 kila siku kwa takriban miaka mitano, saratani na magonjwa ya moyo hayakupungua, na 2022 wakatoa matokeo ya kuvunjika mifupa nayo yakawa hivyohivyo. Wengi wao D ilikuwa inatosha tangu mwanzo. Wewe yako imepungua kweli kwahiyo meza ulichoandikiwa, tembea mchana, na kipimo rudia baada ya miezi mitatu, kabla ya hapo unawapa maabara hela ya bure.