Mgeni aliomba Chef, nikamletea shefu

Yule mzee wa Kijerumani alikaa meza ya pembeni inayotazama bahari, na kiyoyozi cha chumbani kwake kilikuwa kimegoma usiku wa pili mfululizo. Mimi nilikuwa mhudumu katika hoteli moja kaskazini mwa Unguja, miezi mitatu tu kazini, Kijerumani changu cha salamu na menyu. Akaniambia polepole, kama anayemsemesha mtoto: "Ich möchte den Chef sprechen." Katika yote hayo nikadaka neno moja. Nikatoka mbio kuelekea jikoni.

Shefu wetu alikuwa mtu mzima wa Pemba, na muda ule alikuwa na pweza wa nazi motoni. Akajifuta mikono, akaiweka sawa ile kofia yake ndefu, tukaongozana. "Yakhe, chakula kina kasoro gani?" ananiuliza njiani. Mzee akaitazama kofia, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. "Nein. Chef." Shefu akajigonga kifua: "Chef." Wakarudishiana hivyo mara tatu, hadi meneja alipopita akawaamua. Tuliporudi jikoni tui lilishakatika na pweza ameshika chini ya sufuria. Sihitaji kusema lawama zilimwangukia nani.

Kwa Mjerumani, Chef ni bosi. Mpishi ni Koch, na mkuu wa wapishi ni Küchenchef. Mzee wa watu alikuwa anamtaka meneja.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, caput, yaani kichwa. Kifaransa bado kinalitumia kwa kichwa cha shughuli yoyote: chef de gare ni mkuu wa stesheni ya treni, chef d'orchestre ni yule anayepunga kijiti mbele ya wanamuziki, chef de cuisine ni mkuu wa jiko. Katika karne ya 19 Waingereza walilichukua hilo la jikoni, wakalikata mkia, na sisi tukalipokea kutoka kwao likiwa limeshakatwa. Wajerumani, Waholanzi na Waswidi walichukua kichwa bila jiko. Wapolandi wanaandika szef, Warusi wanatamka vilevile, na kote huko ni bosi. Wareno wanasema chefe, na aliyewahi kufika Msumbiji amelisikia mtaani kutwa nzima. Rafiki yangu wa Lubumbashi, ambako shefu ni mkuu wa kijiji au mtaa, nilipomwambia shefu wetu ameunguza pweza, aliniuliza kama kijiji kizima kimekosa wapishi.

Sasa njoo kwenye kitu kilichonifanya nipende habari hizi. Zamani Wafaransa waliitamka ch kama sisi tunavyoitamka kwenye chai. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa huko, na maneno yake yakaanza kuingia katika Kiingereza na sauti hiyo ya kale. Mojawapo ni chief. Baadaye Wafaransa wenyewe wakageuza ch yao kuwa sh, na Waingereza waliporudi kukopa tena baada ya karne nyingi, wakapata chef. Neno moja, limekopwa mara mbili. Kiswahili nacho kikaja kukopa yote mawili kwa Waingereza, na tahajia yetu, kwa kuwa haina ujanja, inaonyesha umri wa kila moja waziwazi: chifu ni la zamani, shefu ni la juzi. Chifu wa Kenya mwenye ofisi na lokesheni yake, na shefu wa hotelini mwenye kofia, ni ndugu wa tumbo moja. (Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Mashefu hawakuguswa.)

Hata kapteni anatoka kwenye caput hiyohiyo. Na kabla hujawacheka Wazungu kwa kuita kila mkubwa kichwa, kumbuka rais. Ni Kiarabu, linatokana na ra's, kichwa. Rasi, ile nchi kavu inayojitokeza baharini, ni kichwa pia, na rasilimali ni kichwa cha mali. Waingereza nao mtaji wanauita capital, kutoka caput. Lugha mbili zisizo na undugu, njia moja. Nilipoligundua hilo nilikuwa nimekaa Nungwi, kwenye rasi, nasubiri kulipwa na bosi.

Basi wenzangu mlioko mapokezi, mgahawani na kwenye magari ya watalii, ukisikia Chef usikimbie popote kabla hujajua anayesema ni wa wapi. Mwingereza au Mmarekani, nenda jikoni. Mjerumani, Mholanzi, Mswidi, Mpolandi, nenda ofisini. Mfaransa msikilize mpaka mwisho wa sentensi, maana kwake kinachoamua ni kile kinachofuata baada ya de. Mimi sasa namuuliza Mjerumani "Büro oder Küche?", ofisi au jiko, na wengi wanacheka, kicheko ambacho kwenye malalamiko ya kiyoyozi kina thamani kubwa.

Kwa wanaoomba mafunzo ya kazi Ujerumani, hapa pana gharama zaidi. Mpwa wangu, kijana mpishi mzuri sana, aliandika kwenye barua yake ya maombi kwamba amekuwa Chef kwa miaka mitatu. Wakamjibu kwa adabu, wakimuuliza alikuwa akimiliki biashara gani na kwa nini sasa anataka kuanza upya kama mwanafunzi. Andika Koch, na kama wewe ni mwanamke, Köchin. Unayekwenda kusomea uuguzi, Chefarzt utakayemwona kwenye mlango wa wodi ni daktari mkuu, hana uhusiano na chakula cha wagonjwa.

Nikikutana na neno la Kizungu lenye sura ninayoijua, siku hizi nalitafuta pamoja na majirani zake, si peke yake. Kwa Kijerumani kuna kamusi ya bure mtandaoni inaitwa DWDS, inakupa asili ya neno na sentensi halisi linamotumika. Dakika mbili zinatosha.

Shefu wetu alishastaafu. Tukikutana Darajani huniita "Chef" kwa sauti mbele za watu, na nikimuuliza ni kwa lugha gani, ananiambia nikamuulize pweza.